Ticha, tuwape ile yetu?

Dada mmoja wa Muheza kaniandikia: anataka kuanzisha timu ya roboti shuleni kwake, aanzie wapi? Dada yangu, umenikuta na kidonda kibichi. Jumamosi tumefungwa fainali ya mashindano ya roboti, na risasi tuliwapa wenyewe.

Ninao vijana saba hapa Makorora, Tanga. Roboti yetu inafuata mstari mweusi sakafuni: Arduino Uno, yaani kile kikompyuta kidogo kinachoiongoza, mota mbili, betri za kompyuta mpakato iliyokufa. Arduino haina ubavu wa kuzungusha mota yenyewe, lazima katikati ukae ule ubao mdogo wa L298N, unaopitishia mota umeme wa betri. Wa akiba tulikuwa nao mmoja, nimeuagiza Kariakoo ukaja na basi.

Nusu saa kabla ya fainali wapinzani wetu wakakosea nyaya za betri, chanya kwenye hasi. Tukasikia harufu kabla ya kuona moshi: ubao wao wa mota umeungua. Binti wao mmoja akakaa chini, kajifunika uso kwa mtandio. Kijana wangu akanigeukia: "Ticha, tuwape ile yetu?"

Nikamjibu, "Ngoja kwanza."

Ngoja kwanza! Mtu mzima mimi, na tangu Januari nawahubiria maneno ya Woodie Flowers, yule profesa wa chuo cha MIT, Marekani: shindana kwa nguvu zako zote, lakini mwenzako mheshimu. Kumbe kichwani napiga hesabu, hawa wakitoka kombe ni letu. Nilipogeuka, kijana keshainama na bisibisi, anawafungia.

Wakatushinda kwa sekunde nne. Sitadanganya, niliendesha baiskeli hadi nyumbani kama mtu aliyetukanwa.

Kwa hiyo dada, nunua akiba, tena mbili. Wafundishe kusoma rangi za nyaya kabla ya programu. Na siku ya kwanza kabisa wapeleke wakasalimie meza ya jirani. Kwenye mashindano ya roboti ya FIRST, shirika la Marekani aliloanzisha mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, mpinzani wa raundi hii raundi ijayo unaweza kupangwa naye upande mmoja. Sasa utamnyima bisibisi kwa faida ipi? Walimu wenzangu, tuacheni uchoyo! Watoto wanatutazama mikono, midomo yetu wameshaizoea.

Jumatatu ule ubao umerudishwa, umeviringwa kwenye gazeti, na skrubu zake zote nne. Nimezihesabu mara mbili.