Difyusheni ya ubongo: anzieni kwenye ushungi

Vijana wanaoanza kazi ya MRI, mashine ya sumaku ya kupiga picha za mwili, hapa Unguja huniuliza wabadilishe namba gani ili picha ya difyusheni itoke safi. Nami huwauliza: pini za ushungi mmezitoa? Picha hii hupima mwendo wa molekuli za maji ndani ya ubongo, na hupigwa kwa njia ya haraka isiyovumilia chuma. Pini moja tu, kipini cha pua au hirizi ya bati shingoni, na upande wa kichwa hupinda ama hufunikwa na kiza. Hata wanja na rangi za macho zenye oksidi ya chuma huchafua picha kuzunguka macho.

Hirizi ina adabu yake. Simwambii bibi wa Makunduchi "vua hiyo"; namwita binti yake aivue, akae nayo nje, na kazi inaendelea.

Kisha kutulia. Difyusheni hutikisa kitanda, na asiyeambiwa mapema hushtuka akageuza shingo. "Bi mkubwa, kitanda kitatetema, ndivyo kilivyo, wewe tulia." Maneno hayo pamoja na sponji mbili pembeni mwa kichwa yameniokolea picha nyingi kuliko programu yoyote.

Sasa kompyuta. Juu ya mapango ya hewa ya pua na karibu na masikio picha itapinda hata pasipo chuma, maana hewa na nyama hazilingani kisumaku. Pigeni picha ya b 0, yaani isiyotiwa nguvu ya difyusheni, mara ya pili mkigeuza mwelekeo wa usimbaji wa fezi, ambao ndio upande picha inakopindia. Haifiki dakika moja, na programu kama topup, iliyomo kwenye mkusanyo wa programu za picha za ubongo uitwao FSL, hulinganisha hizo mbili na kuunyoosha upindo. Upigaji sambamba, yaani koili kadhaa kupokea kwa pamoja ili data chache zitoshe, nao husaidia, kwa kuwa hufupisha msururu wa eko, yaani ishara zinazosomwa mfululizo.

Tamaa ya vokseli ndogo, yaani vile vijisanduku vinavyounda picha, iacheni. Kutoka milimita 2 kila upande hadi 1, ujazo hupungua mara 8, na ishara vilevile. Kuifidia kwa kurudia kupiga kunataka marudio 64, na mgonjwa wa kiharusi hawezi kulala muda wote huo. Kwake nguvu ya difyusheni ya b 1000 inatosha, ila ramani ya ADC, inayoonyesha maji yanavyotembea kwa wepesi kila mahali, isikosekane: kiharusi kipya hung'aa kwenye difyusheni na huwa cheusi kwenye ADC. Kinachong'aa kote kuwili huenda ni cha zamani, kwa hiyo daktari apelekewe zote mbili.