Jibu: Stenti ina miezi miwili, nirudi lini kwenye mechi za maveterani?

Mkuu, swali lako umeliuliza kama nilivyouliza mimi: stenti (kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi) ina miezi miwili, kifua hakibani tena, kwa nini usicheze Jumapili? Nina miaka 54, yangu iliingizwa kupitia mshipa wa mkono wa kulia, mwaka wa tatu huu. Mimi si daktari, nakupa yaliyonikuta.

Wiki ya kwanza nilikatazwa hata kubeba ndoo kwa mkono ule. Kisha kutembea, dakika 10 kila asubuhi, nikiongeza taratibu mpaka nusu saa. Baadaye wakanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya kifuani, nesi ananipima presha kila mwinuko unapoongezwa. Nikafaulu, nikajiona nimefungiwa injini mpya.

Jumapili yake nikavaa jezi. Nitakaa beki tu, nilijisemea. Dakika ya nane kijana mmoja akanipiga tobo (veterani wa miaka 30 na kidogo, hawa wanasajiliwaje?) na mashabiki wakapiga kelele. Nikamkimbiza. Hatua 20 tu, macho yakaingia giza, nikakaa chini pale pale kwenye chaki. Saa ya mkononi ilisoma mapigo 108, nami nilikuwa nimeiamini hiyo namba.

Daktari alinikaripia vizuri. Natumia betabloka, dawa inayoushikilia moyo usiende mbio, kwa hiyo ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 toa umri, hainihusu kabisa. Siku hizi napima kwa mdomo: nikiweza kuongea sentensi nzima naendelea, maneno yakianza kukatika napunguza. Kifua kikibana, nasimama hata kama mpira uko golini.

Halafu kuna vidonge vya kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli. Teke dogo la ugoko lilinivilisha damu wiki mbili, mguu kama bilinganya. Sasa fikiria mgongano wa vichwa. Usije ukaviacha ili ucheze! Stenti changa inaweza kuziba ghafla. Mimi nilivimeza vyote viwili mwaka mzima; muda wako ataupanga daktari wako.

Watakutajia Eriksen, yule mchezaji wa Denmark aliyeanguka uwanjani kisha akarudi kucheza. Yule ana kifaa cha kuushtua moyo, habari nyingine kabisa. Mtazame Casillas, kipa wa Hispania: alipata mshtuko wa moyo mazoezini Porto, Mei 2019, hakucheza tena mechi, akastaafu 2020. Na yule alikuwa na jopo la madaktari.

Mimi sasa nacheza nusu uwanja na wazee wenzangu, bila vichwa, bila kukimbizana, na napasha misuli robo saa nzima kabla. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana anakaa nacho kocha, anajua cha kufanya.

Wewe umeshapanda ile mashine? Na mishipa mingine ya moyo walikwambia ikoje?