Kupima sukari na mimba ya wiki 26

Mama kijacho, umeuliza kwa nini nesi anataka urudi kliniki na njaa wakati juzi walikuchoma kidole sukari ikasoma 6.4 (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu) wakasema iko sawa. Hiyo ya juzi ulishakunywa chai, siyo? Basi haikwambii mengi. Na usisubiri dalili: kiu na kukojoa kila mara, mjamzito gani hana hayo kwa joto hili la Dar?

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoizuia insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, kufanya kazi vizuri, na hali huzidi mimba inapokua. Ndiyo maana wanapima wiki ya 24 hadi 28.

Usile usiku wa kuamkia kipimo, kwa muda wa angalau masaa manane, maji tu. Asubuhi wanachukua damu, unakunywa gramu 75 za glukosi (sukari) kwenye maji, kisha wanachukua tena baada ya saa moja na saa mbili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya mbili, hata kimoja tu kikifika hapo, ni kisukari cha mimba.

Mimi nilipopimwa nilitoka Mbagala alfajiri. Ule utamu jamani! Kunywa polepole ndani ya dakika tano, maana ukitapika unarudia siku nyingine. Kaa hapohapo kwenye benchi, mihogo ya nje isikuvute. Beba chakula cha baadaye.

Ikionekana ni kisukari cha mimba, sukari ya wengi hutulia kwa kupunguza wali na soda na kutembea. Wengine huhitaji insulini.