Mdogo Hajakusahau, Mtazame Mkubwa

*Shangazi, nina miezi tisa sasa hapa Jeddah, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Wanangu nimewaacha kwa mama yangu Muyeye, Malindi. Wa kiume, miaka 3, nikipiga simu anakimbia. Sasa bibi ndiye "mama". Binti, miaka 12, hana neno, ila alama zimeshuka na madrasa haendi, anamsaidia bibi mahamri ya kuuza. Pesa namtumia kaka yangu awapelekee. Je, mwanangu amenisahau?*

Mwanangu, mtoto wa miaka 3 humwita mama yule anayemlisha na kumlaza. Bibi asimkanye. Mpigie saa ile ile kila ukipata ruhusa (saa za Jeddah na Malindi hazipishani), dakika tano zatosha. Mwimbie, mwonyeshe kitu, usimuulize "wanipenda?" Akikimbia, zungumza na bibi yeye akisikia.

Wa kutiliwa wasiwasi ni huyo "hana neno". Mahamri ya asubuhi yataka mtu aamke saa kumi. Darasani atasinzia tu. Na mbona bibi auze, ilhali unatuma? Nadhani pesa zikipitia kwa kaka hufika vipande vipande, tena zimechelewa. Mtumie bibi mwenyewe kwa M-Pesa, laini iwe kwa jina lake. Tuma mara moja kwa mwezi, kwani ada hukatwa kila unapotuma. Siku hiyo hiyo unga, mchele, sukari na mafuta ya mwezi vinunuliwe. Zinazobaki ni za samaki na mboga. Pesa za shule lipa kwenye akaunti ya shule. Kaka atanuna, mwache anune.

Bibi akipenda kuendelea na biashara, unga aukande usiku, na wa kumsaidia kukaanga awe mtu mzima wa kulipwa. Binti aamke kwa swala na shule, si kwa karai.

Kisha mpigie binti peke yake, usianze na alama. Kwa umri wake huenda amevunja ungo na hana wa kumwambia. Mtafutie somo wa kumfunda, awe shangazi au jirani unayemwamini, na pesa za sodo zitengwe.

Mwalimu mkuu mwandikie kwamba bibi ndiye mlezi, na nakala za vyeti vya kuzaliwa akae nazo bibi; hospitali huziuliza.

Imebaki miezi 15. Watajie mwezi na mwaka, usiseme "nakuja karibuni". Na ukirudi, mdogo aendelee kulala kwa bibi wiki za mwanzo, mpaka akufuate mwenyewe.