Night Probe!, mkataba uliopotea, na jinsi ya kusikiliza maoni ya waliosoma kabla yako

Kopi yangu ya Night Probe! niliinunua kwenye vile vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pale Posta, elfu tatu baada ya kubishana sana, nilivyofika home ndo nikagundua mwenyewe wa kwanza alikuwa anasoma na peni mkononi. Kila baada ya kurasa kadhaa kaandika kitu pembeni, mara haiwezekani, mara alama tatu za kuuliza, mara kapigia mstari jina la meli. Nikasema poa, nimepata mwenzangu wa kusoma naye bure. Kumbe jamaa hana huruma! Nafika katikati nakuta kaandika kwa herufi kubwa kabisa, pembeni ya ukurasa, lile jibu la treni ilikoenda. Na kitabu chote kinasimama juu ya hilo swali. Nilikifunga nikakitupia juu ya kabati kwa hasira.

Kwa ambao hamjakisoma, ni riwaya ya Clive Cussler ya mwaka 1981, shujaa wake ni Dirk Pitt, yule jamaa wa baharini ambaye hashindwi kitu. Stori iko hivi: mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson wa Marekani na waziri mkuu wa Uingereza, Asquith, wanakubaliana kwa siri kwamba Uingereza inaiuzia Marekani Kanada nzima, yote na barafu zake, kwa dola bilioni 1. Nakala moja ya mkataba inapanda meli ya Empress of Ireland kwenda Uingereza, nyingine ipo kwenye treni upande wa New York, na ndani ya mwezi huohuo wa Mei zote mbili zinapotea. Alafu kitabu kinaruka mpaka 1989, Marekani imeishiwa hela na nishati, Quebec inataka kujitenga, mara mtu anakutana na kidokezo kwenye barua za zamani. Hapo mbio zinaanza. Na Waingereza wanamtoa mzee wao mmoja wa ujasusi aliyeshastaafu aende kuhakikisha karatasi haipatikani.

Sasa kosa langu halikuanzia kwa yule wa peni. Lilianza siku nilipotaka kujua kama kitabu kinafaa, nikaenda kuangalia nyota ambazo watu wamekipa. Huyu katoa tano anasema hajalala usiku kucha, huyu katoa moja anasema takataka, na ukichanganya unapata namba ya katikati ambayo haikwambii kitu chochote, ni kama kuuliza wali wa pale vipi unajibiwa saba juu ya kumi. Saba ya nani? Ya mtu mwenye njaa au ya mtu aliyetoka kula? Nikakiacha miezi miwili. Kilichonirudisha ni kijiwe chetu cha kusoma, tupo nane, tunakutana Jumamosi moja kwa mwezi kwenye kibaraza cha mwenzetu, kikapendekezwa hicho na mi ndo nilikuwa na kopi.

Ushauri wangu wa kwanza basi, achana na nyota, tafuta mtu aliyetoa sababu, alafu jiulize huyu mtu anafanya kazi gani na amekaa wapi wakati anasoma. Hilo nimejifunza pale kibarazani.

Tuna mzee mmoja mstaafu wa reli. Yeye mambo ya ujasusi hayakumshughulisha kabisa, aliisoma ile sehemu ya treni mara tatu na akaja na hoja yake: treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea, na ikishapita inaandikwa saa na dakika, kwa hiyo treni ikipotea kuna watu wawili wana daftari na mmoja wao anadanganya. Aisee. Mi nilikuwa nimesoma ile sehemu kama sinema, mvua na daraja na giza, yeye kaisoma kama faili la uchunguzi. Tena cha kushangaza alikipenda kitabu zaidi yetu sote, anasema mwandishi kajitahidi kuliko alivyotegemea. Sasa maoni kama hayo yana thamani kuliko nyota mia, hata kama ungekuwa hukubaliani nayo.

Alafu kuna da mkubwa wetu, mwanasheria. Yeye aliuliza swali moja tu: bunge liko wapi? Kwa katiba ya Marekani rais hawezi kufunga mkataba peke yake, lazima theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wakubali, kwa hiyo hata ukiupata mkataba chini ya maji ukiwa mkavu kabisa, karatasi iliyosainiwa na wakubwa wawili gizani ni karatasi tu. Na kwa Uingereza ni hivyohivyo, akatukumbusha ule mkataba wa 1890 ambao Mjerumani aliachia Zanzibar iwe chini ya Mwingereza na yeye akapewa kisiwa cha Heligoland. Hicho kisiwa ni kidogo ukikizunguka kwa mguu hujachoka, lakini kukitoa tu ilibidi serikali ya London ipeleke sheria bungeni. Sasa kisiwa kimepelekwa bungeni, Kanada yote iuzwe kwa barua?

Tulijaribu kumtetea mwandishi. Nchi kuuziana ardhi sio ndoto, Marekani iliinunua Louisiana kwa Mfaransa 1803 kwa dola milioni 15, Alaska kwa Mrusi 1867 kwa dola milioni 7.2, na 1917 ikachukua visiwa vya Mdenishi kule Karibiani kwa dola milioni 25. Kwa hiyo bilioni 1 mwaka 1914 kwa mtu anayeona vita inakuja sio wazo la kichaa. Da mkubwa akasema sawa, bei imekaa vizuri, saini ndo mbovu. Hakusogea hapo mpaka chai ikaisha.

Ila sasa nisikilize hapa, maana hapa ndo niliona tofauti. Kwenye maoni ya wasomaji wa huko nje niliyoyasoma, wengi malalamiko yao makubwa ni kwamba haingii akilini nchi iuzwe na wenyewe hawajui. Wanacheka kabisa. Pale kibarazani hakuna aliyecheka. Kwetu mtoto wa shule ya msingi anamjua Chifu Mangungo wa Msovero, Novemba 1884 Carl Peters kapita Usagara na makaratasi yake ya Kijerumani, chifu kaweka alama, na Februari 1885 Kaiser kule Berlin katoa hati ya kuyalinda hayo maeneo. Mpaka leo serikali ikisaini kitu ambacho watu hawakielewi utasikia hii mikataba ya kimangungo. Sisi mkataba haukupotea, ndo tatizo lenyewe, ulifika salama! Dogo mmoja wa kijiwe akasema angetamani ile meli ya Peters ndo ingezama na begi lake. Tukacheka hapo sasa.

Kwa hiyo mtu wa Toronto akikwambia wazo la kitabu ni la kijinga na mtu wa Morogoro akikwambia linamsisimua mpaka nywele, wote wako sahihi kwao. We angalia unafanana na nani.

Kitu kingine ni tarehe. Angalia kitabu kimeandikwa lini na maoni yameandikwa lini. Quebec walipiga kura ya kutaka kujitenga Mei 20, 1980, karibu asilimia 60 wakakataa, na riwaya ikatoka mwaka unaofuata, kwa hiyo aliyeisoma ikiwa mpya alikuwa anasoma kitu cha moto kama gazeti. Anayeisoma leo anajua walipiga tena 1995 na wakakataa kwa kuponea chupuchupu, asilimia 50.58, kwa hiyo anakiona kitabu kimechacha. Nimeona pia watu wanamkata maksi huyuhuyu mwandishi kwa riwaya yake ya kuiinua Titanic ya 1976 eti meli iko nzima, wakati mabaki yalikuja kupatikana 1985 ndo ikajulikana ilikatika vipande viwili. Angejuaje? Hiyo ni kuonea watu. Ila kwa upande wa wanawake anavyowaandika hapo simtetei, dada zetu wawili walichoka mapema na wana haki, na hizo bahati za shujaa kutokea mahali sahihi kila saa nazo zinachosha. Na yule jasusi mzee wa Kiingereza kila mtu atakwambia ni James Bond, yule wa namba saba, kabadilishwa jina, we enjoy tu.

Turudi kwenye meli ambayo jamaa wa peni aliipigia mstari, maana nilidhani ni ya kutunga. Si ya kutunga. Empress of Ireland iliondoka Quebec Mei 28, 1914 kwenda Liverpool ikiwa na watu 1,477, usiku huohuo kuelekea saa nane kwenye mto Saint Lawrence ukungu ukashuka, meli ya Norway inayoitwa Storstad iliyosheheni makaa ya mawe ikaja ikaichoma ubavuni. Dakika 14. Ndani ya dakika 14 ililala ubavu ikazama, watu 1,012 wakafa, wengi walikuwa wamelala vyumbani chini na maji yanaingia kupitia madirisha yaliyokuwa wazi. Na kapteni wake, Henry Kendall, ndo yuleyule aliyekuwa kwenye meli nyingine 1910 akamshtukia abiria ni daktari Crippen aliyekuwa anatafutwa kwa kumuua mke wake, akapeleka taarifa kwa simu ya upepo na jamaa akadakwa melini humohumo kabla haijafika bandarini. Hayo yote ni kweli! Alafu vita kuu ikaanza miezi miwili baadaye, dunia ikaisahau hiyo meli, inaikumbuka Titanic tu. Storstad nayo ikaja kuzamishwa na Mjerumani 1917.

Nilivyosimulia hayo pale kibarazani mwenzetu mmoja wa Mwanza alinyamaza muda mrefu. Kwake meli kulala ubavu ina jina, MV Bukoba, Mei 21, 1996. Akasema ile sura ya meli kuzama yeye aliiruka, hakuisoma na hatoisoma, na kitabu anakipa maksi nzuri tu. Hayo nayo ni maoni ya msomaji na hakuna nyota inayoweza kuyabeba.

Ushauri wangu hapa ni mmoja, historia ya kweli itafute baada ya kumaliza kitabu, sio katikati. Mi nilitafuta katikati nikajua meli imelala kina cha mita kama 40 hivi, kwa hiyo kila wapiga mbizi wakishuka nikawa nahesabu mita badala ya kuogopa nao. Ukisoma ukimaliza ndo utaona wapi kachonga na wapi kaokota, na hiyo raha ni kama kitabu cha pili cha bure.

Kuhusu Kiingereza chake usiogope. Maneno ya vyombo vya majini ni mengi, ukisimama kufungua kamusi kila neno utafika mwaka kesho, we soma tu, kama ni bomba au valvu au kamba haibadilishi kitu, utaelewa pale mtu anapokaribia kufa. Kitu cha muhimu zaidi ni kuvumilia pale mwanzo stori inaporuka kutoka 1914 kwenda 1989 na majina mapya kama kumi yanamwagika, hapo ndo wanne kati yetu walitaka kuacha. Andika majina kwenye karatasi. Mi nilifanya hivo na nikatoboa.

Na ukimaliza ukataka kutoa maoni yako kwa wengine, sema ulichoshwa wapi na ulishikwa wapi, sema we ni mtu wa aina gani, basi. Usitaje treni. Yaani nakuomba.

Kabla sijaanza kuazimisha hiyo kopi nilikata karatasi nyeupe nikaibandika kwa gundi juu ya yale maandishi makubwa ya jamaa, asije mtu akapatwa na yaliyonipata. Wa kwanza kuchukua alikuwa mzee wa reli. Karudisha baada ya wiki, nafungua nakuta karatasi imebanduliwa taratibu bila kuchana ukurasa, na chini ya ile peni kaongeza kwa penseli, kwa mwandiko wake wa ofisini: Stesheni masta alikuwa wapi?