Shule Yako Imeorodheshwa Mtandaoni Bila Ruhusa? Anza na Namba za Simu

Mzazi wa Pangani au Handeni anayemtafutia mwanawe shule ya bweni Tanga mjini hafungi safari kwanza. Anaandika jina la shule kwenye simu, na mara nyingi ukurasa unaotokea si wa shule. Ni wa tovuti ya biashara iliyoorodhesha shule bila kuziuliza, inayoishi kwa matangazo na kwa kuuza nafasi za juu kwenye orodha.

Jina la shule, kata ilipo na matokeo ya NECTA ni taarifa za wazi. Kupigania vifutwe ni kupoteza muda. Hatari iko kwenye ada ya zamani, na zaidi kwenye simu. Mwalimu kahama Chumbageni kaenda Korogwe, namba yake bado ipo pale. Laini ikiachwa muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine, na huyo akiwa tapeli, mzazi anayeulizia fomu ya kujiunga ataambiwa atume hela. Kwa hiyo piga kila namba iliyoandikwa, usikie nani anapokea.

Kabla ya kumwandikia mwenye tovuti, piga skrinishoti ya ukurasa mzima, anwani na tarehe vionekane. Wakishabadilisha, ushahidi umekwenda. Barua pepe itoke kwenye anwani ya shule, iwe fupi: kiungo cha ukurasa, maneno yenye kosa, maneno sahihi, na muda wa siku 14. Mahakama usiitaje mwanzoni. Barua ya vitisho hupelekwa kwa wakili ikalala huko, lakini ombi la kurekebisha namba fundi wao analimaliza kwa dakika chache.

Tovuti nyingine zina kitufe cha kudai ukurasa wa shule yako, yaani kujitambulisha kuwa wewe ndiye mwenye shule ili uusimamie. Soma masharti kabla hujabonyeza, hasa yanayohusu nani atapokea maulizo ya wazazi na atayafanyia nini. Wakidai malipo ili wasahihishe kosa lao wenyewe, usilipe.

Picha za wanafunzi na simu binafsi za walimu ni suala zito zaidi. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mwenye haki hapo ni mwalimu mwenyewe, au mzazi kwa niaba ya mtoto, basi washirikishe waandike wao. Wasipojibiwa, malalamiko yaende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hata ukurasa ukifutwa, Google inaweza kuendelea kuonyesha maneno ya zamani kwa muda. Wana fomu ya kuondoa maudhui yaliyopitwa na wakati, ila ukiijaza kabla ukurasa wenyewe haujabadilika, ombi hukataliwa. Wengi hukwama hapo.

Huku ukisubiri, weka kwenye ukurasa wa shule ada ya mwaka huu, akaunti ya benki yenye jina la shule, na namba ya ofisi. Hizo hizo zibandikwe getini na zichapwe kwenye fomu. Laini ya ofisi isajiliwe kwa jina la shule, mhasibu akiondoka iwe inabaki.