Kiki ya pikipiki alibuni nani?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi fundi pikipiki hapa Morogoro. Juzi mteja kaleta pikipiki starta imekufa na betri imeisha, nikapiga kiki mara mbili ikawaka. Kijana wangu wa gereji akauliza, hii kiki kaibuni nani? Nikakosa jibu.

JIBU: Marahaba fundi. Anayetajwa ni Alfred Angas Scott, mtu wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, kazaliwa 1875. Pikipiki zake zilianza kutoka 1908, zile sita za mwanzo alitengenezewa na kina Jowett, ndugu watengeneza injini na magari palepale Bradford. Enzi hizo pikipiki nyingi hazina kiki wala klachi, unaisukuma huku unakimbia, ikiwaka unairukia hivyohivyo, na tairi la nyuma linazungushwa na mkanda ambao mvua ikinyesha unateleza tu. Scott akaja na kiki, cheni, na gia mbili za kukanyaga, kwa hiyo unaiwasha imesimama, unakaa, unaondoka kama mtu mzima.

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni injini. Silinda mbili, inapozwa na maji, rejeta ipo mbele kabisa! Ni jamii moja na zile pikipiki zetu za zamani za kuchanganya oili na petroli: haina vavu juu, pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndo inafungua na kufunga matundu ya silinda, kwa hiyo inalipua kila mzunguko wakati zenye vavu zinalipua mzunguko mmoja zinaruka mmoja.

Ikaanza kuwapiga wenzake kwenye mashindano ya kupanda milima, basi wakubwa wa mchezo wakaona injini yake wahesabu ukubwa wake mara 1.32, yaani ishindane kama injini kubwa kuliko ilivyo, eti usawa. Huo ulikuwa uonevu kabisa, na Scott akaugeuza tangazo la biashara! Baadaye sheria ikaondolewa, na kwenye TT (Tourist Trophy), mbio maarufu za pikipiki za Kisiwa cha Man, pikipiki ya Scott ikachukua daraja la Senior, lile la injini kubwa, mwaka 1912, Frank Applebee akiongoza mwanzo mpaka mwisho, na 1913 ikachukua tena kwa Tim Wood.

Baada ya Vita ya Kwanza Scott aliiacha kampuni, ikaendelea bila yeye pale Shipley, mji jirani na Bradford. Alikuwa anapenda sana kuingia mapangoni, na 1923 alitoka huko kalowa, akaendesha kurudi nyumbani na nguo mbichi mwilini, nimonia ikamuua hata miaka 48 hajafika.